Kimeng'enya cha Nani? A-unganifu na Istilahi za Maabara



Katika majokofu ya maabara nyingi za baiolojia ya molekuli, kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, huhifadhiwa kichupa kidogo chenye urefu usiozidi wa kidole gumba. Ndani yake mna matone machache ya kioevu kisicho na rangi. Lebo yake, ikifasiriwa neno kwa neno, itasomeka hivi: "Enterokinasi ya binadamu, rekombinanti, kwa matumizi ya utafiti tu." Ni maneno tisa. Mhadhara huu unahusu maneno hayo tisa, na hoja yake ni kwamba karibu kila moja, likifika katika sikio la Mswahili, husema jambo lisilo kweli au husema nusu ya kweli. Kosa hilo si la Kiswahili peke yake, kwani baadhi ya majina hayo yalikwisha kukosea huko Ulaya kabla hayajavuka bahari.

Yamkini atatokea mtu wa kuuliza kwa nini idara ya lugha ijishughulishe na kichupa cha wanakemia. Jibu ni kwamba kichupa hakibaki jokofuni. Utafiti wa tiba unaofanyika Tanzania au Kenya huhitaji ridhaa ya mshiriki, na ridhaa hiyo haina maana iwapo imeandikwa kwa lugha asiyoielewa. Mfasiri wa fomu ya ridhaa ndiye wa kwanza kukutana na maneno kama haya tisa, na mara nyingi hukutana nayo akiwa peke yake, bila kamusi inayomtosheleza na bila mwanasayansi wa kumuuliza.

Kazi ya kimeng'enya chenyewe

Haiwezekani kulijadili jina pasipo kukijua kinachotajwa. Kongosho hutengeneza vimeng'enya vinavyovunja protini za chakula, na kikuu miongoni mwavyo ni tripsini. Lakini kongosho lenyewe limejengwa kwa protini. Lau lingeitengeneza tripsini ikiwa tayari kwa kazi, lingejila lenyewe. Na hakika ugonjwa wa uvimbe mkali wa kongosho unahusiana na jambo la namna hiyo. Kwa hiyo kongosho huitoa tripsini ikiwa imelala, katika umbo liitwalo tripsinojeni. Tripsinojeni ni tripsini iliyobeba kipande cha ziada mwanzoni mwake, na kipande hicho ndicho kinachoifunga.

Tripsinojeni husafiri katika mfereji wa kongosho hadi sehemu ya mwanzo ya utumbo mwembamba, pale panapopakana na tumbo. Hapo, juu ya utando wa seli za utumbo, kipo kimeng'enya kinachoingoja. Kazi yake ni moja: kukata kile kipande cha ziada. Katika binadamu kipande hicho kina asidi amino nane: alanini, prolini, fenilalanini, kisha asidi aspatiki nne mfululizo, na mwisho lisini. Kimeng'enya huzitambua zile aspatiki nne pamoja na lisini inayofuata, na hukata mara tu baada ya hiyo lisini. Kipande kikidondoka, tripsini huamka. Tripsini iliyoamka nayo huviamsha vimeng'enya vingine vya kongosho, na chakula huanza kuvunjwa.

Uhodari huo wa kutambua mahali pamoja na kukata hapo ndio uliokifikisha kimeng'enya hiki maabara. Mtafiti anayetaka kutengeneza protini fulani ndani ya bakteria huiongezea mkia mfupi wa kuikamatia wakati wa kuisafisha. Mkia mmoja mashuhuri, uliotangazwa mwaka 1988 kwa jina la FLAG, una asidi amino nane, na tano za mwisho ni zile zile: aspatiki nne na lisini. Protini ikishakamatwa na kusafishwa, mkia hauna kazi tena. Hapo ndipo kichupa hutolewa jokofuni, na kilichokuwa mlangoni mwa utumbo kikageuka kisu cha fundi. Faida yake ni kwamba hukata baada ya alama yake, si ndani yake, hivyo mkia ukiwa umewekwa mwanzoni mwa protini, protini hubaki bila hata asidi amino moja ya ugeni.

Jina lililokosea tangu kuzaliwa

Mwaka 1899, katika maabara ya Ivan Pavlov mjini St Petersburg, N. P. Shepovalnikov alionyesha kwamba majimaji ya utumbo yana kitu kinachoyatia nguvu majimaji ya kongosho. Pavlov, ambaye alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa kazi zake kuhusu mmeng'enyo, alikiona kitu hicho kuwa kimeng'enya cha vimeng'enya: hakigusi chakula, bali huviamsha vinavyogusa chakula. Jina enterokinasi liliundwa kwa Kigiriki: sehemu ya kwanza ni utumbo, na ya pili inatokana na kitenzi chenye maana ya kusogeza au kutia mwendo. Kwa wakati wake lilikuwa jina zuri. Lau Mswahili angelitafsiri siku hiyo, angesema "kiamshi cha utumbo", na angekuwa sahihi kabisa.

Bahati mbaya, katika karne ya 20 wanabiokemia walilichukua neno kinasi na kulipa kundi jingine, la vimeng'enya vinavyohamisha fosfati kutoka molekuli moja kwenda nyingine. Vikawa vingi mno, na maana mpya ikaimeza ya zamani. Leo mwanafunzi akisikia kinasi huwaza fosfati, ilhali enterokinasi haihamishi fosfati yoyote, hukata protini. Tume ya kimataifa ya vimeng'enya, iliyoanza kazi katika miaka ya 1950, ililitatua jambo hilo kwa njia mbili. Kwanza ilipendelea jina enteropeptidasi, yaani kikata-peptidi cha utumbo. Pili ilikipa namba: 3.4.21.9. Tarakimu ya kwanza, 3, ni ya vimeng'enya vinavyovunja kwa kutumia maji. Kinasi za kweli ziko chini ya 2. Namba hiyo haina lahaja, haina ngeli na haihitaji mfasiri. Lakini hakuna mtu anayeagiza kichupa kwa kutaja namba pekee, na watengenezaji wengi wangali wakiandika enterokinasi. Mazoea ya watumiaji yameishinda tume, kama ambavyo mara kwa mara yamezishinda tume za lugha za Afrika Mashariki.

Mfano huu una somo kwa wale wanaodhani kwamba istilahi ya kimataifa ni kimbilio salama. Kutohoa enterokinasi ni kutohoa jina pamoja na kosa lake. Kuhusu umbo la kutohoa, mhadhara huu unatumia mwisho wa -asi kwa kufuata maandishi, badala ya -ezi unaofuata matamshi ya Kiingereza. Uchaguzi huo una gharama ndogo ya kuchekesha: lipasi na peptidasi zinasikika kana kwamba zimeasi. Hata hivyo, mwisho huo una historia ya kuheshimika. Ulichukuliwa kutoka neno diastasi, ambalo Payen na Persoz waliliunda mwaka 1833 kwa dutu waliyoipata katika nafaka iliyooteshwa, na baadaye ukafanywa alama ya vimeng'enya vyote. Kiswahili hakina sababu ya kuitupa alama hiyo kwa ajili ya matamshi ya taifa moja.

Kimeng'enya kisichomeng'enya

Neno kimeng'enya limeundwa kutokana na kitenzi meng'enya, ambacho ndicho kinachotumika kwa chakula kinapovunjwavunjwa tumboni. Ni istilahi iliyopendwa upesi, na sababu ya kupendwa kwake si siri: msikilizaji huiona maana yake bila kufundishwa. Katika kigezo cha PEGITOSKA, kilichopendekezwa na K. B. Kiingi wa Uganda na kujadiliwa sana na wanaistilahi wa Kiswahili, uangavu ni sifa mojawapo kati ya tisa. Usahihi ni nyingine. Mara chache sifa hizo mbili zimegombana waziwazi kama katika neno hili.

Kwani vimeng'enya vingi mno mwilini havimeng'enyi chochote. Vingine hujenga, vingine hunakili vinasaba, vingine huhamisha na kuunganisha. Hata hiki kilichomo kichupani, ambacho makao yake ya asili ni utumbo, hakimeng'enyi chakula. Uangavu wa neno umekuwa kama taa inayomulika ukuta mmoja wa chumba na kumfanya aliyemo asahau kwamba kuna kuta nyingine tatu.

Je, neno enzaimu, linaloonekana katika baadhi ya vitabu, lingefaa zaidi? Asili yake ni Kigiriki, na maana yake ni "ndani ya chachu". Lilipendekezwa na Mjerumani Wilhelm Kühne katika miaka ya 1870, wakati wataalamu walipokuwa wakibishana iwapo uchachishaji unahitaji kiumbe hai. Mwaka 1897 Eduard Buchner alionyesha kwamba majimaji yaliyokamuliwa kutoka hamira, yasiyo na seli hai hata moja, huchachisha sukari. Jina la Kigiriki nalo, kwa hiyo, liliangaza ukuta mmoja tu, ule wa hamira. Tofauti ni kwamba Mwingereza au Mjerumani wa leo hasikii chachu ndani ya neno hilo, kwa sababu hajui Kigiriki. Giza la neno limekuwa faida yake: limeachwa huru kupanuka. Mswahili, kwa upande wake, bado anasikia mmeng'enyo.

Hiyo si sababu ya kulifuta neno kimeng'enya. Maneno huzoeleka, na uangavu hufifia kwa matumizi. Nani leo husikia ndege wa angani kila anaposema ndege ya abiria? Kinachohitajika ni mwalimu anayewaambia wanafunzi wake mapema kwamba jina hili limetokana na mfano mmoja na sasa linataja kundi zima. Pale ambapo mkanganyiko unaweza kumdhuru mtu, ufafanuzi hauna budi kuandikwa.

Mahali pa namna hiyo papo. Mwaka 1969 madaktari walieleza kwa mara ya kwanza ugonjwa wa watoto wanaozaliwa bila enteropeptidasi inayofanya kazi, na mwaka 2002 hitilafu za jeni yake, iliyoko katika kromosomu ya 21, zilitambuliwa. Ni ugonjwa adimu sana. Mtoto huharisha, hakui, na huvimba mwili kwa upungufu wa protini, ingawa kongosho lake ni zima na limejaa tripsinojeni. Hutibiwa kwa kupewa vimeng'enya vya kongosho vilivyo tayari kwa kazi. Mzazi akiambiwa tu kwamba "mtoto hana kimeng'enya", ataelewa kwamba tumbo la mwanawe halina uwezo wa kuvunja chakula, na pengine ataacha kumlisha vyakula vya kujenga mwili. Akiambiwa kwamba mashine ni nzima ila kiamshi ndicho kilichokosekana, na kwamba dawa inafanya kazi ya mashine iliyokwisha kuamshwa, ameelewa ugonjwa na ameelewa tiba. Hapa lile jina la Pavlov, lililofukuzwa na tume, linamfaa mama kuliko jina sahihi.

"Ya binadamu"

Sasa tufikie neno dogo kuliko yote kwenye lebo, ambalo ndilo lenye hatari kubwa kuliko yote. A-unganifu ya Kiswahili hubeba mizigo mingi. Dawa ya kikohozi huondoa kikohozi. Dawa ya mitishamba imetokana na mitishamba. Dawa ya watoto huwaponya watoto, na dawa ya panya huwaua panya. Umbo ni lile lile, na hakuna mnunuzi anayechanganyikiwa dukani, kwa sababu anayemtenganishia maana hizo si sarufi. Ni ujuzi wake wa mambo. Anajua panya ni nini na watoto ni nani.

Ujuzi huo unapokosekana, sarufi huachwa peke yake, na sarufi haiwezi kuamua. "Enterokinasi ya binadamu" inaweza kuwa imetolewa ndani ya mwili wa binadamu, inaweza kuwa imekusudiwa kutumiwa na binadamu, na inaweza kuwa inafanana na ile iliyomo mwilini mwa binadamu. Ya tatu ndiyo kweli. Ya kwanza ndiyo inayokuja akilini upesi zaidi.

Insulini inaonyesha jambo hili vizuri zaidi, maana imefika katika nyumba nyingi za Waswahili. Kwa miongo kadhaa wagonjwa wa kisukari walidungwa insulini ya ng'ombe na insulini ya nguruwe, na a-unganifu ilikuwa na maana moja tu: imetolewa katika kongosho la mnyama huyo. Mwaka 1982 insulini ya binadamu iliyotengenezwa katika bakteria iliruhusiwa nchini Marekani. Sarufi haikubadilika hata kwa herufi moja. Chimbuko likageuka kabisa. Ng'ombe alikuwa amechinjwa, lakini hakuna binadamu aliyeguswa. Kwa Mwislamu wa pwani aliyekuwa na dukuduku kuhusu nguruwe, mabadiliko hayo yalikuwa nafuu kubwa, ila tu kama alielezwa. Enterokinasi imepitia njia hiyo hiyo. Zamani ilipatikana kwa kuchujwa kutoka matumbo ya ng'ombe na nguruwe. Leo kipo kichupa cha "enterokinasi ya ng'ombe" kilichotolewa utumboni mwa ng'ombe, na kipo kingine chenye jina hilo hilo ambacho hakikumkaribia ng'ombe yeyote, kwa kuwa kimetengenezwa na bakteria.

Afrika Mashariki ina sababu yake ya pekee ya kuwa mwangalifu hapa. Neno mumiani, lenye asili ya Kiajemi, lilifika pwani likitaja dutu nyeusi kama lami iliyotumika kuwa dawa. Wakati wa ukoloni likaja kuwataja watu waliodaiwa kuwakamata wengine na kuwatoa damu ili itengenezewe dawa. Mwanahistoria Luise White, katika kitabu chake cha mwaka 2000, alizikusanya na kuzichambua simulizi za namna hiyo kutoka Kenya, Uganda na kwingineko, na alikataa kuzichukulia kuwa upuuzi. Aliziona kuwa namna ya watu kuzungumza juu ya mamlaka iliyoigusa miili yao bila kuieleza. Katika jamii yenye kumbukumbu hiyo, kumkabidhi mshiriki wa utafiti karatasi yenye maneno "kimeng'enya cha utumbo wa binadamu" bila neno la ziada ni uzembe wa lugha. Tena si mshiriki wa kulaumiwa akiikunja karatasi na kuondoka.

Njia za kuepuka ni chache. "Enterokinasi ya kibinadamu" haifai, kwani kibinadamu imekwisha kupewa kazi ya huruma: misaada ya kibinadamu, moyo wa kibinadamu. Kimeng'enya chenye huruma hakijagunduliwa. Kishazi rejeshi kirefu ni sahihi lakini kinachosha. Pendekezo linalostahili kujaribiwa liko tayari ndani ya lugha. Kiswahili kimekwisha kuita DNA vinasaba, kutokana na nasaba, yaani ukoo na asili ya mtu. Basi na isemwe "enterokinasi yenye nasaba ya binadamu". Nasaba hutaja asili ya mpangilio bila kutaja mahali pa kuzaliwa: mtu mwenye nasaba ya Kihadhrami anaweza kuwa amezaliwa Lamu, na vizazi vitatu vilivyomtangulia pia. Kimeng'enya hiki kina nasaba ya binadamu na kimezaliwa ndani ya bakteria.

Rekombinanti, na mengineyo

Neno rekombinanti halimdanganyi Mswahili kwa sababu halimwambii chochote. Linataja mbinu: jeni ya binadamu huunganishwa na vinasaba vya kiumbe kingine, nacho kikatengeneza protini isiyokuwa yake. Kiumbe hicho chaweza kuwa bakteria, seli za mnyama, au hamira. Inapokuwa hamira, kimeng'enya huwa kimetengenezwa ndani ya chachu kweli kweli, na jina alilolitunga Kühne hupata ukweli ambao yeye mwenyewe hakuuwaza.

Lipo jambo jingine ambalo lebo hulinyamazia. Enteropeptidasi kamili ya binadamu ina asidi amino 1019, ambazo hugawanyika katika mnyororo mzito wa 784 na mwepesi wa 235. Mnyororo mwepesi ndio wenye makali ya kukata. Mzito hukishikiza kimeng'enya kwenye utando wa seli na kukisaidia kuitambua tripsinojeni. Kilichomo katika vichupa vingi ni mnyororo mwepesi pekee. Kwa fundi anayekata mikia hilo linatosha. Kwa mtafiti anayetaka kujua jinsi tripsinojeni inavyoamshwa utumboni, ni kisu bila mpini. Majina yote mawili, enterokinasi na enteropeptidasi, hutumika kwa kitu kizima na kwa robo yake, nayo ni kasoro ya lugha ya kimataifa ambayo tafsiri inaweza kuirekebisha kwa neno moja: "mnyororo mwepesi".

Neno utumbo halina ubaya ila kwa vijana, ambao wamelifanya kuwa jina la maneno yasiyo na maana. Mwalimu wa sayansi atavumilia kicheko cha dakika moja. Zito zaidi ni kizio. Kichupa huuzwa kwa vizio vya utendaji, si kwa uzito, na watengenezaji hawakubaliani kizio kimoja ni kiasi gani: huyu hupima kwa protini iliyokatwa katika saa 16, yule kwa kipimo kingine kabisa. Mfasiri akiandika "vizio 50" pasipo fasili ya mtengenezaji husika, amefasiri tarakimu na kuacha maana.

Limesalia neno la mwisho, tu. "Kwa matumizi ya utafiti tu" ni onyo la kisheria kwamba dutu hii haijapimwa wala kuruhusiwa kuwa dawa. Lakini tu ya Kiswahili hupunguza pia uzito wa jambo: ni utafiti tu, usihofu. Onyo limegeuka kuwa kitulizo. Hapa hapafai kuachwa dokezo. Pasemwe wazi kwamba si dawa.

Lebo basi ingeweza kusomeka hivi: "Enteropeptidasi yenye nasaba ya binadamu, iliyotengenezwa katika bakteria kwa kuunganisha vinasaba. Kwa utafiti wa maabara tu, si dawa." Ni maneno kumi na manane, mara mbili ya yale tisa ya mwanzo. Hayataenea kwenye kichupa chenye urefu wa kidole gumba. Yataenea kwenye karatasi inayofungwa pamoja nacho, na kwenye fomu ya ridhaa, ambako hakuna anayelipishwa kwa idadi ya maneno.